Herufi Zisizo na Vichwa

Mwalimu Bunlue alifundisha darasa la kwanza tangu ujana wake hadi alipostaafu, na karibu kila mtu mzima wa mji wetu wa Uthai Thani alijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Alikuwa na neno alilolirudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza nyuma ya mgongo wake: "Anzia kichwani!" Herufi zetu za Kithai, ukiacha chache, zina kichwa, kijiduara kidogo ambapo kalamu huanzia kabla ya kushuka, kupanda au kujikunja. Mtoto aliyeanzia mkiani alifutiwa, akaambiwa aanze upya. Mwalimu hakuchapa. Alifuta tu kwa kidole gumba, akangoja.

Orapin, mtoto pekee aliyembakia, alikwenda Bangkok akawa mchoraji wa herufi. Kampuni zilimwita azichoree maumbo ya kuandikia majina yao kwenye mabango, kwenye simu, kwenye chupa za chai baridi. Na herufi zilizompa jina ni zile zinazopendwa na vijana siku hizi, nyembamba, zilizonyooka, zisizo na vichwa.

"Hawa wamekukosea nini mpaka ukawakata vichwa?" baba yake alimwuliza siku alipomwonyesha kazi yake ya kwanza.

"Baba, watu hawasomi kijiduara. Wanasoma neno zima kwa mara moja."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Kumbe mimi si mtu."

Mwaka mmoja alimtumia baba yake kadi ya siku ya kuzaliwa aliyoichora mwenyewe kwa herufi hizo. Binti wa kwetu anapozungumza na baba yake hujiita *nuu*, yaani panya, kipanya mdogo. Ukikosea herufi moja tu, panya anakuwa nguruwe, na tofauti ya herufi hizo mbili ni upande kilipokaa kijiduara cha chini. Mwalimu aliisogeza kadi karibu na dirisha, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kisha akampigia simu.

"Nimepata kadi. Inasema nguruwe anamkumbuka baba yake. Mwambie huyo nguruwe kwamba na baba yake anamkumbuka, na kwamba mama yake amepika."

Walicheka sana siku ile. Lakini mabishano hayakwisha. Kila Orapin alipokuja nyumbani, mzee alimtolea kitu kipya: paketi ya dawa, bango la benki, tangazo la umeme kukatwa. "Hebu nisomee na hii ya watu wako wasio na vichwa." Na Orapin alimsomea, akimwambia kwamba atazoea, kwamba ni macho tu kutozoea, kwamba hata redio watu waliizoea.

Baadaye figo za Mwalimu zikaanza kushindwa kazi. Orapin alifunga chumba chake cha Bangkok akarudi nyumbani na kompyuta yake, akawa anafanya kazi barazani juu, karibu na kitanda ambacho baba yake alitaka kiwekwe pale ili auone mto. Ni wakati huo alipoanza kuchora herufi mpya, nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Mikunjo yake aliitoa kwenye mkono wa baba yake, kwenye vile alivyokuwa akiandika ubaoni: tumbo la herufi lililoshuka polepole, mguu ulioinuka kidogo mwishoni. Alizipa jina la Bunlue. Ila vichwa hakuweka.

Mzee alijua anakufa na hakulifanya jambo la kunong'onezwa. Kwetu watu wakija kuuchoma mwili wa mtu wa heshima aliyefariki hurudi nyumbani na kitabu kidogo cha kumkumbuka, chenye maisha yake na sala chache, na mwalimu wa darasa la kwanza asingekubali kuondoka bila kitabu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, hivyo alitamka na Orapin akaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Walikwenda hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Alisimulia utoto wake, mafuriko, shule ya mbao iliyoliwa na mchwa, wanafunzi waliokuja kuwa madaktari na wale waliokuja kuwa wezi. "Waandike wote," alisema. "Wote niliwafundisha mimi."

Mambo ya Chuk aliyaacha mpaka mwisho.

Chuk alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyezama mtoni kabla Orapin hajazaliwa, zama zile walipokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kuelea ya wazazi wa mama yake. Nyumbani hakutajwa. Picha yake ilikaa kwenye rafu ya mababu, mtoto wa kama miaka sita mwenye kishungi cha nywele utosini, na kila mwaka mama aliweka mbele yake kikombe cha maziwa matamu bila kusema neno. Asubuhi ile mama, jina lake Lamai, alikuwa chini jikoni akitwanga pilipili, na kishindo cha kinu kilipanda mpaka barazani.

"Andika," Mwalimu alisema. "Chuk alikuwa mtoto wa maji, na maji yalimchukua. Mama yake alikuwa mwema kwa mtoto mpaka siku ile ya mwisho." Akasikiliza kinu. "Basi. Hapo inatosha."

"Baba, hutaki kueleza ilikuwaje?"

"Nimeshaeleza."

Jioni alimwita tena. "Orapin. Kitabu hiki ni cha wenzangu. Ni cha mama yako, na cha rafiki yake Sangwian, na cha wale wazee wanaocheza drafti pale sokoni. Kipe vichwa."

"Ndiyo, baba," alisema Orapin. Na aliposema alikuwa hadanganyi.

Mwalimu alifariki mvua zilipoanza. Mwili ukawekwa hekaluni kungoja siku ya mia, kama inavyofanywa kwa watu wanaopendwa, na katika kipindi hicho Orapin alikipanga kitabu. Alijaribu herufi za kawaida zenye vichwa, akaona kitabu kinafanana na fomu ya serikali. Akajaribu zile za Bunlue, na baba yake akaonekana pale kwenye ukurasa, mkono wake mwenyewe ukitembea. Alilia mbele ya kompyuta. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akajiambia ataongeza ukubwa kidogo, na wazee watasoma bila shida. Akaongeza kidogo. Mama yake alipoulizwa kama anataka kuipitia kazi kabla haijapelekwa kuchapwa, alitikisa kichwa. "Nitakisoma kikiwa kitabu."

Siku ya kuchomwa, ua wa hekalu ulijaa. Vijana waliokipokea kitabu walikipapasa jalada, wakakifungua palepale wakisubiri zamu ya kupanda ngazi na kuweka ua la karatasi chini ya jeneza. "Kimependeza, dada," walimwambia. "Kama cha Bangkok." Wazee walikiinulia kipajini kwa heshima, kisha wakakitia kwenye mikoba yao. Sangwian pekee, muuza samaki wa kuchoma ambaye alikuwa rafiki wa Lamai tangu utotoni, alikifungua, akakikunjia macho, akakifunga.

"Lamai, mwanao ametupikia wali bila chumvi," alisema. "Mwalimu mwenyewe akifufuka hapa hatajisoma."

"Na wewe Sangwian, siku uliyokuwa unasoma ilikuwa lini?" Lamai alimjibu. Wakacheka kwa kujifunika midomo, maana moshi ulikuwa umeanza kupanda.

Orapin alirudi Bangkok. Alipiga simu kila jioni na mama yake alipokea kila jioni. Mwanzoni walizungumza kama kawaida. Kisha majibu yakawa mafupi. Umekula? Nimekula. Unaumwa? Siumwi. Umekwenda hekaluni? Mvua. Orapin alilihesabu jambo hilo kuwa ni majonzi ya mjane, akaona ni bora kutolichokonoa.

Mvua zilipokwisha alikuja nyumbani kwa ajili ya ile siku ya watawa kushuka kutoka mlimani. Siku hiyo hakuna anayelala. Mji mzima hujipanga chini ya ngazi ndefu ya mlima Sakae Krang na wali, na ndizi, na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani, na watawa wanashuka kwa safu ndefu wakiwa na bakuli zao. Lamai hakuwahi kuikosa. Hata mwaka alioteguka kifundo cha mguu alibebwa kwenye kiti.

"Nenda wewe," alimwambia Orapin asubuhi ile. Alikuwa ameketi sakafuni kandokando ya ukuta, hajachana nywele. "Peleka na fungu langu."

"Mama, watu watauliza."

"Waulize."

Orapin aliona pia kwamba picha ya baba yake, iliyokuwa rafuni karibu na ya Chuk, ilikuwa imehamishwa ikawekwa peke yake juu ya kabati, juu kabisa, ambapo mtu mfupi kama mama yake asingeiona bila kurudi nyuma. Aliichukulia kuwa mama ameiondoa ili asilie kila akipita.

Chini ya mlima alijikuta kando ya Sangwian. Walimimina wali kwenye bakuli za watawa mpaka safu ilipokwisha. Kisha bibi yule akamshika mkono.

"Mama yako haji."

"Hajisikii vizuri, shangazi."

"Hawezi kujisikia vizuri." Sangwian alitazama huku na huku. "Mwanangu, mimi nilimpenda Mwalimu. Kaka zangu wote aliwafundisha yeye. Lakini lile neno asingeliandika. Yaliyopita kwenye ile nyumba ya mtoni yangebaki kulekule mtoni. Sasa mji wote una kitabu nyumbani. Unadhani ataweza kusimama hapa mbele ya watu?"

"Neno gani?"

"Usinifanye mjinga."

"Shangazi, sijui unasema nini. Neno gani?"

Sangwian alimwangalia, akaona kweli hajui. Akamchukua mpaka kwenye kibanda chake cha samaki sokoni, akakitoa kitabu chini ya droo, kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki ili kisipate mafuta. Alivaa miwani, akaongeza na kioo cha kukuzia kilichokuwa kimefungwa kwa uzi kwenye kopo la vijiti vya meno. Kidole chake kilitembea chini ya mstari.

"Chuk alikuwa mtoto wa maji," alisoma kwa kusitasita, "na maji... yalimchukua. Mama yake alikuwa akipiga... akipigana na mtoto, mpaka siku ile ya mwisho." Akavua miwani. "Sasa niambie. Huko ndiko kumuaga mke?"

Orapin alikivuta kitabu karibu. Neno la wema, *dii*, na neno la kupiga, *tii*, kwetu yanatofautiana kwa herufi ya kwanza tu, na herufi hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja: moja ina kibonyeo juu ya utosi na nyingine haina. Alikumbuka alivyokichora kile kibonyeo cha T, chembamba kama alama ya ukucha, akijisifu kwa ufundi wake. Na ile D, kwa kuwa hakuipa kichwa, aliirudishia mstari wake kwa ndani, juu, karibu na utosi, ukaacha kivuli cha kibonyeo mahali pasipokuwa na kibonyeo. Kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa mbali kama mchana na usiku.

"Ni *dii*, shangazi," alisema. "Imeandikwa *dii*. Alikuwa mwema kwa mtoto."

"Iko wapi hiyo *dii*? Mimi naona imepasuka hapa juu."

"Haijapasuka. Ndivyo ilivyo."

"Basi ndivyo ilivyopasuka."

Kwenye meza ya pili alikuwa amekaa msichana wa saluni akinywa chai. Orapin akampelekea kitabu bila kumweleza kitu, akamwomba asome mstari ule. Msichana alisoma kwa pumzi moja, huku anatafuna. "Mama yake alikuwa mwema kwa mtoto mpaka siku ile ya mwisho." Akamrudishia. Dereva wa bajaji, kijana, akasoma vilevile. Kisha Orapin akakipeleka kwa wazee wa drafti. Wa kwanza alisema hawezi kuona kitu, hizi ni herufi za Wazungu. Wa pili aliikunjia uso, akasoma ile *tii*, akaona haya, akasema, "Sisi hatukutaka kulizungumza." Wa tatu alikuwa hajafungua kitabu tangu siku ya mazishi. Lakini neno alilijua. Alikuwa ameambiwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kitabu kilikuwa kimoja, na mji ulikuwa umesoma vitabu viwili. Walio chini ya umri fulani walisoma habari ya mama mwema, wakafunua ukurasa, wakasahau. Walio juu yake, wale ambao Lamai aliishi kati yao, walisoma kwamba mwalimu aliyekuwa hachapi mtoto wa mtu alimshtaki mkewe baada ya kufa kwake. Na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kijana, kwa sababu jambo kama hilo humwonyeshi kijana.

"Mbona hamkuniuliza?" Orapin alisema, sauti ikimtoka juu kuliko alivyotaka.

"Tungekuuliza nini?" Sangwian naye alikuwa analia sasa. "Mama yako mwenyewe nilimwendea. Nilimwambia, Lamai, nimesoma. Akaniambia, na mimi nimesoma. Akafunga mlango."

Orapin alirudi nyumbani mbiombio, karibu kukimbia, na pamoja na aibu yake yote alikuwa amebeba furaha. Ni kosa, na kosa linasahihishika. Mama yake alikuwa bado palepale, mbele yake sinia la mboga, akichuma majani kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na upasuaji aliuogopa.

"Mama! Ni *dii*! Baba alisema *dii*! Umeisoma vibaya, wote mmeisoma vibaya, kosa ni langu, ni herufi zangu. Alisema ulikuwa mwema kwa Chuk. Nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimekaa karibu naye namna hii."

Mikono ya Lamai ilisimama.

"Alisema mimi nilikuwa mwema."

"Mpaka siku ya mwisho. Ndivyo alivyosema. Ulikuwa unatwanga pilipili chini."

Orapin alipiga magoti, akangoja mama yake alie, aseme *aah*, amkumbatie. Lamai aliokota jani lililoangukia mapajani mwake, akalirudisha kwenye sinia.

"Basi hakujua," alisema.

"Hakujua nini?"

"Nilimpiga."

Nje bajaji ilipita, ikaacha harufu ya moshi.

"Asubuhi ile alimwaga sufuria ya wali mtoni. Alikuwa akicheza, anaitumia sufuria kama ngoma. Wali wote. Nilimchapa kwa mwiko, miguuni, hapa nyuma. Si mara moja. Alikimbilia nyuma ya nyumba, akalia. Nikasema, muache alie. Kisha akanyamaza. Nikasema, amechoka, amelala." Alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza njia. "Baba yako alikuwa shuleni. Alipokuja tulikuwa tumeshamtoa. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia alikuwa akicheza."

"Mama..."

"Acha nimalize. Nilipokisoma kitabu, nilikisoma mara nyingi, na taa, na kioo. Nikasema, kumbe alijua. Pengine jirani alimwambia. Pengine aliona alama wakati tunamwosha mtoto, maana yeye ndiye aliyemwosha miguu. Alijua, na alikaa na mimi miaka yote ile. Alikula chakula changu. Akazaa na mimi wewe. Nilipata haya, Orapin, haya ya kushindwa kutoka mlangoni, na nilimkasirikia kwa kuniweka mbele za watu. Picha nikaipandisha kule. Lakini nilikuwa nalala. Tangu Chuk afe sikuwahi kulala kama nilivyolala miezi hii. Nilisema, kuna mtu alijua, na hakuniacha." Akainua uso, na macho yale meupe yakamtafuta binti yake yakampata. "Sasa umekuja kuniambia hakujua."

Orapin alimshika goti. "Pengine aliona, mama. Umesema yeye ndiye aliyemwosha. Pengine aliona, na bado akasema mwema."

"Pengine. Tutamwuliza nani?" Lamai alirudi kwenye mboga zake. "Ungeniacha na herufi zako."

Orapin hakurudi Bangkok wiki ile, wala iliyofuata. Alikaa barazani akakipanga kitabu upya, safari hii kwa herufi zenye vichwa, kubwa, nyeusi, za kitabu cha darasa la kwanza. Alimwuliza mama yake kama aondoe ule mstari. Lamai alifikiri mpaka siku ya pili, akasema, "Ni maneno yake. Yaache alivyoyasema." Kitabu kilipochapwa alikipeleka mwenyewe kwa kila mzee, nyumba kwa nyumba, akipiga magoti na kuomba radhi kwa kile cha kwanza.

Sangwian alisoma mstari bila kioo, akajipiga kifua, akaenda kwa Lamai siku hiyohiyo na samaki mkubwa, na Lamai akamfungulia. Lakini si wote walioamini. Mzee mmoja wa drafti alivisoma vitabu vyote viwili, akaviweka sambamba kwenye ubao, akatikisa kichwa. "Familia imesawazisha," alisema, na hakulisema kwa ubaya. "Mtu yeyote angesawazisha. Ila cha Mwalimu ni kile cha kwanza." Orapin alijaribu kumweleza, akamwita kijana mwingine amsomee. Mzee alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kwa adabu. "Vijana wanasoma wanachoambiwa," akasema, akasogeza kete yake.

Lamai alipewa chake. Alifuata mstari kwa kidole, herufi baada ya herufi, kwa mwendo wa mtoto wa darasa la kwanza. "Sasa nasoma vizuri," alisema. Akakifunga, akakiweka rafuni, na asubuhi Orapin alimkuta ameketi macho makavu, mto wa kulalia haujalaliwa.

Kazi nayo ilimwita. Herufi za Bunlue zilikuwa zimependwa, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ya mikahawa ilizitaka kwa mabango yake yote. Orapin aliwaambia zina kasoro, kwamba wazee hawazisomi. Walimjibu kwa upole kwamba wateja wao si wazee. Alirekebisha ile D na ile T, akafungua kibonyeo, akakata mstari wa ndani, ila vichwa kampuni haikuvitaka. Siku moja, akishuka basi kuja kwetu, aliziona kituoni kwenye bango refu jekundu, jina la baba yake likiuza kahawa ya barafu, na chini yake bibi mmoja akiwa ameinua uso, akimwuliza mpita njia kama pale ndipo panapouzwa tiketi.

Kwenye sikukuu ya mwaka mpya wetu, watu wanapokwenda kumwagia mifupa ya wazee wao maji ya manukato, Lamai alisema apelekwe. Alichana nywele, akavaa blauzi nyeupe. Sehemu ya majivu ya Mwalimu iliwekwa kwenye ukuta wa hekalu, ndani ya kishimo chenye picha yake, na kishimo cha chini yake kilikuwa cha Chuk. Orapin alimshika mkono mpaka ukutani, akaona mama yake anatafuta kwa vidole, akaviongoza.

Lamai alimwaga maji kwenye picha ya juu, kisha ya chini. Watu walikuwa wengi, watoto wakirushiana maji kule uani, na kwenye ngazi Sangwian alikuwa akigombana na mtu kuhusu viatu. Lamai aliegemeza kipaji cha uso wake kwenye saruji iliyolowa.

"Mwalimu," alisema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe chumba cha pili. "Siku ile nilimpiga."

Akakaa hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akifuta picha ya mumewe karibu nao aligeuka, akatazama, akaendelea kufuta. Maji yaliendelea kuchuruzika ukutani mpaka yakakauka kwa jua la mwezi ule. Hatimaye Lamai alijiondoa, na alama ya saruji ilikuwa imebaki kwenye ngozi yake.

"Twende," alisema.

Njiani Orapin hakumwuliza kama amepata nafuu. Miezi iliyobaki Lamai alikuwa mtu wa kwenda hekaluni tena, wa kukaa na Sangwian kibandani wakiwasengenya wapita njia, na asubuhi alikutwa mara nyingine amelala, mara nyingine ameketi. Alifariki mvua za mwaka uliofuata, moyo uliposimama akiwa anafua. Alishasema hataki kitabu. Watu waliokuja kumchoma walipewa kila mmoja kitambaa cheupe cha mkono na kichupa cha dawa ya kunusa, na Orapin alimwambia muuzaji avitoe vilivyo, bila maandishi yoyote.